Tamthiliya Tunayoisoma Tumekaa

Kidato cha Tatu, shule ya kata upande wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Saa nne asubuhi, ukungu ndiyo kwanza unaachia migomba, na darasa zima limevaa masweta. Wanasoma Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba. Nakala ni nne kwa darasa zima. Msichana wa dawati la mbele anasimama, anasoma maneno ya Mitomingi, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia vinginevyo anasoma na maelezo ya jukwaani, kwa sauti ileile, bila kutofautisha anachosema mhusika na anachokitenda. Anakaa. Mwalimu anageukia ubao, anaandika DHAMIRA, anapigia mstari. Kengele inapolia dhamira zimefika saba, na Mitomingi hajanyanyua mguu.

Mwalimu yule hana kosa. Mtihani wa Taifa utamtaka mwanafunzi ajadili kauli fulani kwa kutumia tamthiliya mbili alizosoma, hoja tatu kwa kila kitabu. Mwalimu atakayemaliza kipindi akitafuta namna Mitomingi anavyokaa kwenye kigoda atakuwa amewapunja watoto wa watu alama, na mwalimu wa taaluma atamwita ofisini. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma kama mgeni, nikikumbuka darasa jingine.

Miaka sita nilifundisha sanaa za maonyesho katika shule ya kimataifa kwenye nchi moja ya Ghuba. Darasa langu lilikuwa chumba cheusi tii: kuta nyeusi, mapazia meusi, taa za darini zinazoongozwa kwa kompyuta. Wanafunzi walikuwa 14, wengi wao wa mataifa tofauti. Nikiwasimulia walimu wenzangu wa Karagwe, wilaya ya jirani, masikio yao huishia kwenye taa. "Mwalimu, kwa vifaa hivyo nani angeshindwa?" Zamani nilikuwa naitikia. Siku hizi nabisha, maana nimeona umeme ukikatika kule kule Ghuba na igizo likaendelea kwa mwanga wa simu, tena likawa zuri kuliko la jana yake.

Kinachotenganisha chumba kile na darasa la Nkwenda ni swali ambalo mtihani unamuuliza mtoto.

Shule nyingi za kimataifa hufuata mpango wa International Baccalaureate (IB), ulioanzishwa Geneva mwaka 1968. Hatuhitaji kwenda Ghuba kuuona: International School of Tanganyika ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa 1963, inaufuata, na ile ya Moshi iliyoanza 1969, ambayo tangu 2019 inaitwa UWC East Africa, inaufuata pia. Katika mpango huo somo la maonyesho halina karatasi ya kukaa chini saa tatu ukajibu. Wanafunzi hukaa kikundi, wakatunga igizo lao la dakika 7 hadi 10, wakaliigiza mbele ya watu na kueleza walilifikiaje. Kila mmoja huchukua tamthiliya ya mwandishi mwingine na kupanga angeiweka jukwaani vipi: nani asimame wapi, mwanga utoke upande gani, hadhira ikae mbele au iwazunguke. Halafu hutafiti mapokeo ya maonyesho ya jamii asiyoijua, tuseme Noh ya Wajapani au Kathakali ya Wahindi, na kuyaonja kwa mwili wake mwenyewe. Wa ngazi ya juu huongeza onyesho la peke yao linalotokana na nadharia ya mtu fulani wa tamthiliya.

Swali la "ungeiweka jukwaani vipi" halijibiki kwa kukariri notisi. Mtoto lazima ainuke. Na akiinuka, dhamira zile saba zinajileta zenyewe, kwa sababu huwezi kuamua Mitomingi achome karatasi za sensa za karani Ngoswe kwa hasira, kwa ulevi au kwa huzuni ya baba aliyeporwa binti, bila kwanza kuamua tamthiliya hii inahusu nini. Niliwahi kuwapa swali hilo vijana wanne wa Nkwenda wakati wa mapumziko. Walibishana mpaka uji ukapoa. Mmoja alisema Mitomingi achome taratibu, karatasi moja moja, "ili Ngoswe azihesabu." Sijawahi kuona uchambuzi wa ucheleweshaji wa maendeleo ulio mfupi na mkali kama ule.

Kuna jambo la lugha ambalo wengi hulitaja kama kizuizi. Huambiwa kwamba watoto wa shule za kimataifa wanaigiza vizuri kwa sababu Kiingereza ni chao. Si kweli. Zaidi ya nusu ya darasa langu la Ghuba walikuwa wanasoma kwa lugha yao ya pili au ya tatu. Nilikuwa na mvulana kutoka Korea ambaye muhula mzima hakusema sentensi iliyokamilika. Siku moja nikawapa zoezi la kuvuka chumba bila neno, kila mtu akiwa amebeba siri. Alivuka kama mzee anayetoka kwa daktari. Hakuna aliyecheka. Kuanzia siku ile wenzake walimngojea amalize sentensi zake.

Mtoto wa Kyerwa yuko palepale. Nyumbani ni Kinyambo, shule ya msingi ni Kiswahili, na Januari ya Kidato cha Kwanza anaamkia kwenye Kiingereza. Anapofika kwenye Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kameruni, anasoma lugha ya tatu kuhusu nchi asiyoijua. Lakini kisa chenyewe anakijua kuliko mwalimu: baba, Atangana, amepokea faranga 100,000 za mkulima Ndi kwa ajili ya binti yake, kisha anakuja mtumishi wa serikali, Mbia, na 200,000. Nani Kyerwa hajawahi kusikia mazungumzo ya namna hii nyuma ya nyumba? Nilichofanya ni kuwaomba waigize kwanza mazungumzo ya posa kwa Kinyambo, vitabu vikiwa vimefungwa. Wazee wakapatikana, shangazi mwenye maneno akapatikana, mshenga akapiga magoti na kuanza kila sentensi kwa "Waitu". Tulipofungua kitabu, Kiingereza kilikuwa kigumu vilevile, ila sasa kilikuwa na mahali pa kukaa. (Najua kuna shule ambako mtoto akisikika akisema kilugha huvishwa kibao shingoni. Zoezi hili nililifanya mkuu wa shule akiwa na taarifa, na nashauri usilifanye bila hivyo.)

Nisije nikaonekana kwamba nilirudi na dawa. Mara ya kwanza nilirudi na mzigo wa mazoezi ya kule, nikaumbuka. Moja linamtaka mwanafunzi afumbe macho na kujiachia aanguke nyuma, mwenzake amdake, ati kujenga kuaminiana. Chumba cheusi kililipenda. Wilayani Karagwe niliwapanga wavulana na wasichana wawili wawili. Wasichana wakanitazama, wakatazamana, wakarudi madawatini bila kelele. Jioni mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima, akanivuta pembeni: "Mwalimu, hawa baba zao wakisikia tumewafundisha kuangukia mikononi mwa wavulana, kesho tutakuwa na nani hapa?" Alikuwa na haki. Nilikuwa nimebeba zoezi bila kubeba sababu yake. Zoezi lilitungwa kwa watoto wasiojuana, waliokutana jana kutoka pande zote za dunia. Hawa wa Karagwe wamecheza pamoja tangu wakiwa hawana meno. Wakosacho ni ruhusa ya kutazamwa. Wamefundishwa kwamba mtoto mwenye adabu hajionyeshi.

Hapo ndipo nilipokumbuka harusi. Yeyote aliyehudhuria harusi Kagera amewahi kumwona mzee akiruka katikati ya watu na fimbo au mkuki, akitaja ukoo wake, ushujaa wake na hasira zake kwa pumzi moja, mguu mmoja mbele, huku watu wakimwitikia. Ni majigambo, huku huitwa ebyebugo. Kwenye notisi za fasihi simulizi yanaitwa pia vivugo, na ukilisikia neno hilo kwa sikio la Karagwe huhitaji kamusi. Mtoto analikariri darasani kama kipera, na hakuna aliyemwambia kwamba babu yake ni mwigizaji. Profesa M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera, alitumia miaka akichunguza tendi za enanga za Bahaya, kama za Rukiza na Kachwenyanja, ambazo manju huziimba na kuziigiza akiwa ameshika zeze lake la kulala; huyohuyo ndiye aliyeandika tamthiliya ya Mukwava wa Uhehe mwaka 1979. Karagwe yenyewe ilikuwa na ikulu ya Bweranyange, ambako wapelelezi Speke na Grant walimkuta Mukama Rumanyika mwaka 1861, na amakondere, zile tarumbeta za kifalme, bado zinajulikana. Mwanafunzi wa IB hutumwa akatafute mapokeo ya maonyesho ya mbali na kwao. Mwanafunzi wetu hajatumwa hata ya kwao.

Basi nikaacha kuanguka, nikaanza na majigambo. Kila mmoja atunge ya kwake, mistari minane, ajigambe kwa jambo la kweli: nimelima, nimebeba maji kutoka bondeni, nimefaulu Hisabati. Msichana mmoja alijigamba kwamba yeye ndiye anayejua bei ya kahawa nyumbani kwao kuliko baba yake. Aliposema hivyo mguu ulitangulia mbele wenyewe. Wasichana waliokataa kuanguka walikuwa wanapigania zamu.

Tusidhani kwamba kumwinua mwanafunzi kutoka kwenye dawati ni wazo la wageni. Wanafunzi wa Ghuba niliwafundisha mbinu za Augusto Boal wa Brazili, ambaye hadhira yake huingia jukwaani na kubadili mwisho wa kisa. Walishangaa nilipowaambia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Malya wilayani Kwimba, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakikaa na wanakijiji, wakichambua nao matatizo yao, wakayageuza kuwa ngoma na michezo, kisha wakajadili. Penina Muhando Mlama ameliandika hilo. Mwaka 1996 yeye na Amandina Lihamba wakaanzisha Tuseme kwa ajili ya wasichana wa sekondari. Utaratibu wake ni mwepisi kuueleza na mgumu kuutenda: wasichana wenyewe wanataja kinachowakwamisha shuleni, wanatafuta chanzo, wanakitengenezea igizo, wanaliigiza mbele ya walimu na wanafunzi wenzao, halafu linajadiliwa na hatua zinapangwa. FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika, ikauchukua na kuusambaza katika nchi nyingine za Afrika. Ugumu uko kwenye neno lenyewe. Tuseme mbele ya nani? Mbele ya mwalimu ambaye huenda ndiye tatizo. Shule inayokubali hilo imekubali jambo zito kuliko kununua taa.

Kagera ina sababu yake ya pekee ya kulitaka jukwaa. Vitabu vyetu viwili vinavyosomwa sana, Kilio Chetu cha Medical Aid Foundation na Orodha ya Steve Reynolds, vinahusu Ukimwi. Nchi nzima inavisoma kama vitabu vya maonyo. Lakini wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huu. Watu wa Kagera waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Mwanafunzi wa leo wa Kidato cha Tatu hajui neno hilo. Bibi yake analijua, na huenda aliwalea wajukuu kwa sababu yake. Katika Orodha, kijiji kizima kinatetemeka kwa sababu marehemu Furaha ameacha orodha, na kila mwanaume mwenye deni anadhani jina lake limo. Nilimwona kijana wa Kaisho akiigiza Bwana Ecko, mmoja wa wanaume hao. Hakutetemeka hata kidogo. Aliendelea kurekebisha kola ya shati, tena na tena, mpaka darasa likanyamaza. Baadaye nikamuuliza alikojifunza. "Msibani," akasema.

Hicho ndicho kinachopotea tunapoigeuza Orodha kuwa hoja tatu. Mwanafunzi anaweza kuandika "unafiki katika jamii" akapata alama zake bila hata siku moja kuwaza mnafiki anaweka wapi mikono.

Nitaeleza kisa kimoja zaidi kwa sababu kina kahawa ndani yake, na huku bila kahawa mazungumzo hayajaanza. Klabu ya wanafunzi tisa, Kyerwa, walikubaliana kuigiza butura: ule mtindo wa kumuuzia mnunuzi kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa maua tu, kwa bei ya kutupwa, kwa sababu baba ana shida leo. Serikali imeupiga marufuku mara nyingi. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa tangu Januari 2016, lakini sare zipo, daftari zipo na mchango wa chakula upo, hivyo shida za baba hazijaisha. Hawakuwa na jukwaa. Walisimama chini ya mgrevilea, wakaleta tawi la kweli la mbuni lenye maua meupe. Aliyeigiza mnunuzi hakusema neno dakika nzima: alilizunguka tawi, akalipuliza ua moja, akalamba kidole gumba, akaanza kuhesabu noti. Baba akatazama pembeni. Mama, msichana mrefu aliyejifunga kanga, akalichukua tawi na kuanza kuchuma maua, moja moja, akiyaweka mfukoni mwa sare ya mwanawe. Mzee mmoja katika watazamaji akasema kwa sauti kuu, "Huyo mnunuzi namjua, ni shemeji yangu!" Watu walicheka sana, halafu wakabaki nusu saa wakijadili chama cha msingi kinachelewesha malipo vipi hata mtu akimbilie butura. Mchezo ulikuwa wa dakika tisa. Kwa vigezo vya kazi ya pamoja nilivyokuwa nikisahihishia kule Ghuba ungepata alama za juu, na hilo silisemi kwa huruma. Kwenye ripoti za wale tisa haukuacha alama hata moja.

Mtu ataniuliza: sasa tufanyeje, tuanzishe IB Kyerwa? Hapana. Ada yake haikamatiki na hatuihitaji. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65 za Kidato cha Tano na zimo za sanaa, vizuri. Ila tahasusi haiwezi kuota kwenye shule ambako mtoto amefika Kidato cha Nne hajawahi kusimama akawa mtu mwingine, na walimu waliosomea sanaa za maonyesho ninaowafahamu huku wamejazwa vipindi vya Kiswahili na Historia. Pa kuanzia ni padogo zaidi. Upimaji endelevu una nafasi yake katika matokeo ya Kidato cha Nne, na kazi mradi zinaruhusiwa ndani yake. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuitumia nafasi hiyo: kikundi cha watano, onyesho moja kutoka kitabu teule, dakika nane, na ukurasa mmoja wa kila mwanafunzi kueleza kwa nini alisimama aliposimama. Nakala nne za kitabu zinatosha kabisa kwa kazi hiyo. Msimu wa mvua, bati linapopiga kelele hadi mtu hasikiki, igizeni bila maneno. Na Karagwe ina redio za jamii, FADECO ikiwa mojawapo. Igizo la redio halihitaji jukwaa, maleba wala taa, linahitaji simu ya kurekodia na chumba kimya.

Tena tuache kutazama Dar es Salaam pekee kama mji wa sanaa. Kutoka Murongo ukivuka daraja la Mto Kagera, Kampala iko karibu kuliko Dodoma. Ukumbi wa Maonyesho wa Taifa wa Uganda, ulioko Kampala, ndiko The Black Hermit ya Ngũgĩ ilikoigizwa Novemba 1962 na wanafunzi wa Makerere, chuo ambacho wazee wengi wa Kagera walisoma. Vikundi vya shule za Mbarara na vya Kyerwa vingeweza kutembeleana kwa nauli ya basi la kawaida.

Limebaki la mahafali. Katika shule zetu igizo huonekana siku hiyo tu, na ratiba ni ileile kila mwaka: sala, wimbo wa Taifa, kwaya, risala ndefu ya wahitimu yenye maombi ya bweni na maabara, hotuba ya mkuu wa shule, hotuba ya mwenyekiti wa bodi, nasaha za mgeni rasmi, na mwishoni, ikiwa muda umebaki, igizo. Muda haubaki. Nimeshuhudia vijana waliofanya mazoezi wiki tatu wakiambiwa na mshereheshaji wafupishe "iwe dakika mbili, chakula kiko tayari." Mkuu wa shule unayesoma safu hii, uwe wa Nyaishozi au wa Mabira, naomba jambo moja ambalo halina gharama: mwaka huu weka igizo kabla ya risala.